Sinia Tupu

Fundi Baridi alikuwa na sinia la bati, kubwa, maua yake yamepauka, na sinia hilo ndilo lililokuwa msahafu wake kazini. Kila alichokifungua kwenye gari, kiwe bolti, klipu au kipande cha plastiki kisicho na jina, alikipanga humo kwa zamu yake, kutoka kushoto kwenda kulia. Wakati wa kurudisha alianzia kulia. Sinia likiwa tupu, kazi imekwisha. Likibaki na kitu, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, gari halitoki. Wako mafundi wanaomaliza kazi wakabaki na bolti tatu kiganjani, wakazitia mfukoni na kusema gari limepungua uzito. Yeye mzaha huo hakuupenda, na aliyeufanya mbele yake aliambiwa akanywe chai kwingine.

Miaka ishirini na sita alikuwa akitengeneza viyoyozi vya magari na si kitu kingine. Ukimletea breki anakuonyesha mlango. Ukimwambia injini inagonga, anasema, "Mimi nashughulika na baridi. Moto una wenyewe." Mwenyewe wa moto alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, fundi wa mabomba ya moshi, ambaye kila mtu alimwita Moshi. Walitaniana tangu ujana wao. Moshi alisema kazi ya jirani yake ni kuwauzia watu upepo. Baridi alijibu kwamba afadhali upepo kuliko kikohozi.

Utani ulikuwa mtamu, lakini ulikuwa na ubaya wake: kila mmoja alijizoeza kutoona kilichokuwa upande wa mwenzake.

Gari lililoleta kisa hiki lilikuwa la binti yake. Yeye na mumewe walilinunua likiwa limeshatembea sana, na kwa miaka mitatu wakalitumia vioo vikiwa chini kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Binti aliona haya kumsumbua baba yake. Akawa anajaziwa gesi na vijana wa kando ya barabara, wiki mbili baridi, wiki ya tatu joto lile lile. Lakini sasa alikuwa na safari ya kumpeleka mama yake kwa mama mkubwa aliyekuwa mgonjwa, mwendo wa saa nne, na mama alikuwa mtu mzima wa kuhurumiwa. Ndipo akaja kusema.

"Umejaziwa mara ngapi?" baba akauliza.

"Tatu. Labda nne."

"Na hukujiuliza inakwenda wapi? Gesi ya AC si petroli, mwanangu. Haiungui ikaisha. Ikipungua, ujue kuna mahali inatorokea. Anayekujazia bila kutafuta tundu anakutekea maji kwa tenga."

Aliunganisha geji zake mbili, ya bluu na ya nyekundu, na mishale yote ikalala chini. Akatia gesi kidogo, akachovya brashi kwenye povu la sabuni na kupaka kila kiungo, kuanzia kompresa hadi mbele ya rejeta. Povu likakaa kimya. Hakuna lilipochemka. Wengine wangekata tamaa hapo na kusema ni kompresa, maana kompresa ina faida. Yeye akalala chini ya gari, akatafuta kile kibomba kidogo kinachodondosha maji ya kiyoyozi, akakipangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka na mafuta, yale yanayosafiri na gesi.

"Evaporeta," alisema, akijipangusa magoti. "Ndiyo inayopoza hewa. Iko ndani ya dashibodi, imetoboka. Niachie siku mbili."

Alifurahi. Kazi ya dashibodi ndiyo mtihani wa fundi wa baridi, na huyu alikuwa mtoto wake. Alifungua dashibodi nzima kama mtu anayefunua kitanda, sinia likajaa mpaka ukingoni. Evaporeta ile ina mabomba mawili ya aluminiamu yanayopita kwenye tundu la bati linalotenga injini na chumba cha abiria. Tundu lenyewe ni la ukubwa wa kiganja cha mtoto, na linazibwa na mpira mnene mweusi, wenye matundu mawili, unaoyakumbatia mabomba hayo. Kwa kawaida ukivuta evaporeta, mpira unabaki kwenye bati. Huu ulikuwa umezeeka na kugandana na mabomba. Ukatoka nayo. Fundi akalitupa lile pande bovu kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya banda, na mpira ukaenda nalo, bila kupita kwenye sinia.

Evaporeta mpya iliingia vizuri. Sinia likapungua kutoka kulia hadi kushoto, bolti kwa bolti, mpaka likawa tupu. Akalipindua, akaligonga kwa kidole mara mbili, kama desturi yake ilivyokuwa. Mungu ampe nini zaidi mtu anayefuata utaratibu wake?

Asubuhi ya safari gari liliwashwa mbele ya banda, na lilipowaka tu likatoa mlio mdogo chini ya boneti. Tik, tik, tik. Moshi alikuwa amesimama na kikombe chake, akainua shingo.

"Jirani, hilo linavuja. Gasketi ya ekzosi, pale pale kwenye injini. Sasa hivi likipata moto litanyamaza, lakini moshi unaendelea kutoka. Nipe saa mbili."

"Wana safari."

"Saa mbili tu."

"Wakirudi watakuja kwako, uwauzie kikohozi," Baridi akasema, na wote wawili wakacheka. Moshi alicheka kidogo kuliko mwenzake.

Mke wa Baridi akatoka na mkoba wake na shuka ya kujifunika, akaketi kiti cha nyuma. Hapa lazima niseme juu ya mama huyu na madirisha. Katika ndoa yao yote hakuwahi kupanda gari lenye kiyoyozi bila kushusha kioo kiasi cha vidole vitatu. Alisema hewa iliyofungiwa ina uzito. Mumewe, ambaye jina na riziki yake vilikuwa baridi, alilichukulia jambo hilo kama tusi. "Unapoza barabara," alimwambia kila mara, na kila mara mama alijibu, "Nayo barabara ina joto, iache ipoe," na kioo kikabaki pale pale.

Siku hiyo fundi alitaka kazi yake ionekane. Akainama dirishani kwa binti yake, akaweka kiyoyozi kizungushe hewa ile ile ya ndani, ambayo hupoa upesi. Akatundika penye tundu la hewa kikopo cha manukato, kama alivyofanya kwa kila gari lililotoka mkononi mwake. Halafu akabonyeza kile kitufe cha mlango wa dereva kinachofunga vioo vya nyuma ili watoto wasivichezee.

"Mama yako asinifungulie dirisha leo," alimnong'oneza binti. "Aionje baridi ya mumewe kwa mara moja."

Binti akacheka. Mama hakusikia. Gari likaondoka, na mlio ule ulikuwa umeshanyamaza.

Saa mbili na nusu baadaye binti akapiga simu kutoka kituo cha mafuta njiani.

"Baba, hii baridi ni ya kwetu kweli? Mama kalala tangu tulipotoka mjini. Namsemesha, anaitikia mmh tu."

"Mwache alale. Baridi ya fundi hiyo."

"Na mimi mwenyewe macho mazito. Kichwa kinanigonga kidogo."

"Hujazoea. Kunywa maji, endelea. Usizime AC, ukizima itabidi ianze upya."

Akakata simu akiwa na furaha kifuani, akatamani Moshi awe karibu amsikilizishe. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, lakini mjukuu huyu hakungoja hata kukua.

Ilikuwa yapata robo saa tangu simu ile pale mnunuzi wa vyuma chakavu alipoingia na mkokoteni wake. Alikuwa mtu wa maneno machache na vidole vyeusi, na alijua kila rundo la mtaa ule kuliko wenyewe. Akachambua nyuma ya banda: shaba huku, chuma huku. Akaibuka na evaporeta ile kuukuu, akaigeuza, akaibana kati ya magoti na kuanza kuvuta.

"Hii nataka aluminiamu tu," alisema. "Mpira wako bakia nao."

Akaung'oa na kuutupa. Ukadunda mara moja sakafuni, ukaviringika, ukalala miguuni pa fundi.

Fundi aliutazama. Kwanza aliutazama kama kitu chochote, kisha akauona ulivyo: mweusi, mnene, matundu mawili. Akageuka kulitazama sinia lililotundikwa ukutani, tupu, safi. Mkono wake ulikuwa na spana, akaiweka mezani taratibu.

Tundu liko wazi. Feni ya ndani inavuta hewa kutoka pale pale chini ya dashibodi. Upande wa pili wa bati, gasketi inavuja moshi. Na sumu iliyomo kwenye moshi huo haina harufu. Kilicho na harufu kimefunikwa na manukato yake mwenyewe. Vioo viko juu. Vya nyuma amevifunga kwa kidole chake. Mama kalala tangu walipotoka mjini. Mmh tu.

Akapiga simu ya binti. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga ya mkewe, na mlio wake ukasikika nyuma yake, ndani ya nyumba iliyoungana na banda. Mama alikuwa ameisahau mezani kwenye chaji. Iliita pale ndani kwa sauti ya kawaida kabisa, na fundi akasimama akiisikiliza kama mjinga, hawezi kuikata. Akapiga tena ya binti. Ikaita, ikakatika.

Alitokea kwa Moshi. Alinyoosha mkono tu wenye ule mpira.

Moshi alitazama mpira, akamtazama uso, akatua kikombe. "La binti?"

"La binti."

"Panda."

Pikapu ya Moshi haikuwa na kiyoyozi na kioo chake cha kushoto kilikuwa kimekwama chini tangu zamani. Upepo wa moto uliwapiga usoni njia nzima. Baridi alipiga simu, akapiga, akapiga. Alimpigia mkwewe, mume wa binti, akamwambia ajaribu na yeye, ila sababu hakuisema. Nje, magari yalipita yakitoka walikokuwa wanakwenda, vioo vyao juu, watu ndani wametulia kwenye ubaridi wao, na kila lililopita alilikodolea macho kutafuta waliolala na wasiolala. Njiani mara mbili waliona watu wamekusanyika kando ya barabara. Mara ya kwanza ilikuwa ng'ombe. Mara ya pili ilikuwa lori limepasuka gurudumu.

"Mke wangu hupenda dirisha," Baridi akasema ghafla.

"Najua. Basi si atafungua?"

Baridi alikitazama kidole chake. Moshi alimtupia jicho mara moja, kisha akakanyaga mafuta zaidi na hakuuliza tena.

Waliliona gari saa tisa kasoro, limeegeshwa vizuri kivulini chini ya mstari wa mikaratusi, kama la mtu aliyesimama kupumzika. Injini ilikuwa inaunguruma. Binti alikuwa ameketi chini, nje, mgongo kwenye gurudumu la mbele, kichwa kati ya magoti, ametapika kwenye viatu vyake. Alipoinua uso alimtazama baba yake bila kushangaa.

"Nimemwacha mama alale," alisema, ulimi mzito. "Nje kuna joto. Sikuzima, baba. Ulisema nisizime."

Fundi alifungua mlango wa nyuma, na baridi ikampiga usoni, nzuri, kavu, yenye manukato. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Mkewe alikuwa ameegemea kioo, shuka imemfunika mpaka kidevuni, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka jikoni. Alimwita. Alimwita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia tangu wazazi wake walipofariki. Yeye na Moshi walimbeba, mmoja kwapani mmoja magotini, na kichwa chake kilining'inia kwa namna ambayo fundi ataiona kila atakapofumba macho.

Hospitali ya karibu ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, na kwa bahati haukuwa na mtu. Daktari, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira, aliuliza maswali mafupi: walikuwa garini muda gani, vioo vilifungwa, injini ilikuwa ikiwaka. Akaandika. Akasema ni sumu ya moshi, na nusu saa zaidi tusingekuwa tunazungumza hivi. Binti akazinduka vizuri jioni ile ile. Mama alilala siku ile, na ya pili yake, na saa za siku hizo mbili mumewe alizihesabu kwa matone ya dripu.

Siku ya tatu akafumbua macho na kuomba maji. Ndugu wakajaa wodini. Mkwe aliyekuwa amekesha njiani alimshika fundi mikono yote miwili mbele za watu.

"Baba, sisi tulikuwa tumeshaondokewa. Umejuaje? Mtu yuko saa tatu mbali na anajua. Huo ni moyo wa mzazi."

Shemeji zake wakaitikia. Mmoja akasema wanaume wa siku hizi hawako hivyo. Moshi alikuwa mlangoni ameshika kofia yake. Alikuwa ameshamvuta Baridi pembeni asubuhi na kumwambia chini chini, "Ekzosi ilivuja, basi. Gari la zamani. Mimi mpira sijauona." Alisema kwa wema, na wema huo ulikuwa mzito kuliko matusi. Fundi alikubali kushikwa mikono. Alikubali kusifiwa. Aliona jinsi ilivyo rahisi: hakutakiwa kusema uwongo wowote, alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza hakuhitaji ufundi.

Watu walipotoka kwenda kula, wakabaki wawili. Mama alimtazama kwa muda. Maneno yalikuwa yanamjia polepole, mengine alikuwa anayatafuta. Daktari alisema huenda yakarudi yote, huenda yasirudi.

"Wanasema ulitujia mbio," akasema. "Hebu niambie. Ulijuaje?"

Aliingiza mkono mfukoni. Mpira ulikuwa humo tangu siku ile, ulikuwa umeshika joto la paja lake. Akauweka kwenye kiganja cha mkewe na kukifumba.

Mama aliupapasa kwa kidole gumba, akakiingiza kidole kwenye tundu moja, kisha la pili. Hakuwa fundi, lakini alikuwa ameishi miaka ishirini na sita na mtu anayezungumza habari za bolti wakati wa chakula.

"Cha garini hiki."

"Ndiyo."

"Kilitakiwa kiwe wapi?"

"Kizibe moshi usiingie. Kilitoka na evaporeta mbovu. Nikakitupa nayo."

"Lakini siku ile ulikuja ndani ukaniambia sinia tupu."

"Lilikuwa tupu, mama watoto. Wallahi lilikuwa tupu."

Nje kwenye korido mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu bovu. Fundi alidhani limekwisha, kwamba jambo gumu ameshalisema, na pumzi ikaanza kumshuka. Ndipo mama akakunja uso kidogo, kama anayetafuta neno lililopotea, akalipata.

"Nilitaka kufungua dirisha," akasema. "Nilihisi kifua kizito. Nikabonyeza, nikabonyeza, halikushuka. Nikasema moyoni, kumbe limeharibika, ngoja tukirudi nitamwambia mume wangu alitazame."

Hakuwa anamshtaki. Alikuwa anamsimulia tu, kama mtu anayemwambia fundi habari za gari.

"Halikuharibika," fundi akasema. "Nililifunga mimi. Kwa ajili ya baridi yangu."

Mkewe alimtazama, kisha akageuza shingo kwenye mto, akatazama upande wa mwanga. Mpira ulibaki mkononi mwake, hakuutupa wala hakumrudishia.

"Fungua dirisha," akasema.

Dirisha la wodi lilikuwa wazi tangu asubuhi, wazi lote, pazia likipepea. Fundi aliinuka hivyo hivyo, akaenda, akashika ukingo wake kwa mikono miwili na kulisukuma kwa nguvu zake zote, na akaendelea kulisukuma mpaka muuguzi alipoingia na kumwambia, "Baba, hapo ndipo mwisho wake."